Mkono Uliochungulia

Saa moja na nusu asubuhi, helikopta bado iko chini, na mwalimu wa urubani anabandika magazeti kwenye dirisha la mwanafunzi wake.

"Hata huu ufa mdogo, Mwalimu?"

"Huo ndio siuamini kabisa."

Wanafunzi humwita mwalimu huyu Hebu Tuone. Anayefundishwa ni Mama Pacha, mama wa mabinti wawili, ambaye amepuliza dawa mashambani kwa helikopta miaka tisa. Wingu likishuka, kazi yake inalala. Sasa anatafuta kibali cha kuruka kwa kutazama vipimo pekee. Bila hicho hawezi kupewa nafasi iliyo wazi kwenye helikopta ya wagonjwa.

Kibali kinadai saa arobaini za mafunzo. Wiki iliyopita alikuwa na thelathini na sita, na mtihani ulikuwa umepangwa Ijumaa.

Angani huvaa kofia yenye ukingo mrefu unaomzuia kuona nje. Shida ni kwamba alikuwa anaruka vizuri kupita kiasi.

"Dira haikutikisika hata kidogo," anasema mwalimu. "Mimi mwenyewe hutikisika. Nikasema huyu ananichezea shere, anachungulia."

Mama Pacha akaapa hachungulii. Mwalimu akaziba dirisha la kulia. Dakika ya tatu helikopta ilikuwa imeacha njia kwa digrii ishirini, naye akidhani inakwenda sawa.

"Umepatikana, mama," mwalimu akamwambia.

Nyumbani, mumewe naye akamuuliza taratibu, "Kweli hukuchungulia?"

"Hilo ndilo lililoniuma," anasema Mama Pacha.

Asubuhi yake alikuwa anaanika nguo, jua likimpiga mkono wa kulia. Akageuka kidogo kuchukua shuka, joto likahama. Akasimama na shuka mkononi.

Akaenda moja kwa moja kwa mwalimu. "Macho hayakuchungulia. Mkono ndio ulichungulia. Jua la dirishani likihama mkononi, nilijua tumegeuka."

Mwalimu akamtazama sana. "Hebu tuone."

Mama Pacha mwenyewe akaomba kurudia zile saa kumi na mbili za mafunzo alizoruka asubuhi zenye jua. Mtihani umesogezwa mbele mwezi mzima, na huenda nafasi ikachukuliwa na mwingine.

"Ndani ya wingu hakuna jua la kunigusa," anasema. "Na nyuma yangu atakuwa amelala mgonjwa. Nataka siku hiyo niwe najua kweli."

Leo amevaa shati la mikono mirefu na glavu. Mwalimu anamkagua kuanzia viganja hadi mabegani, harudishi tabasamu lake.

"Na shingo?"

Mama Pacha anapandisha kola, kisha anawasha injini.