Posa ya Afisa Maendeleo

Miaka ile ya Ujamaa, gari la sinema lilipofika Kirongwe, kisiwani kwetu, aliyetutafsiria filamu kwa kipaza sauti alikuwa afisa maendeleo kutoka Dar es Salaam, kijana ambaye suruali yake ilinyooshwa pasi hata siku za matope. Wiki hiyo alikuwa amemposa dada yangu kwa barua ya taipu, akaileta mwenyewe kana kwamba anaomba mifuko ya saruji. Baba alikuwa hajamjibu.

Filamu ilikuwa ya kuchekesha, ya ng'ambo. Karani kijana wa mjini anafukuzwa kazi, anaachwa na mke, anauza viatu, na mwisho anazikwa na watu wawili, mmoja wao akiwa amekosea msiba.

"Ndugu wananchi," afisa akatangaza kwa furaha, "hayo ndiyo matunda ya ubepari!"

Baba akapaza sauti: "Mwanangu, maiti huyo hana wajomba?"

"Hawakuonyeshwa, mzee."

"Basi huo si ubepari. Huo ni ukiwa."

Uwanja mzima ukacheka. Afisa naye akacheka, maana hakujua anachekwa nani.

Asubuhi alikuja kufuata jibu, peke yake tena.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Washenga wako wapi?"

"Mzee, tunafundishwa kujitegemea."

"Kujitegemea ni shambani. Mke huombewa na wazee wako. Kawalete."

Dada, nyuma ya mlango, alishusha pumzi; afisa hakuwa amekataliwa.

Ijumaa afisa alipanda boti kwenda bara kumtafuta baba yake; tangu apate cheo hakuwa amekwenda kumjulia hali.