Kobe wa maji niliyemficha jua la Lodwar hadi gamba lake likawa laini

Wakuu, natumai mko salama huko mliko. Hapa Lodwar ni jua tu kama kawaida yake, na ndilo lililonifanya nifungue huu uzi.

Nimepitia humu nikaona nyuzi za mbwa, njiwa na kuku wa kienyeji zimejaa. Za kobe ni maswali matupu, mtu anauliza "kobe wangu hali, nifanye nini" halafu kimya. Haya yangu niliyaona kwa macho na kuyashika kwa mikono. Chumvi sitaongeza, na nisipojua kitu nitasema sijui.

Kwanza mnijue. Mimi ni nesi, mwanamke, mzaliwa wa Nyandarua, kule ambako watu huota moto hata mchana. Kazi ikanileta Turkana. Nilianzia Kakuma, halafu mwaka 2012 nikapata transfa ya kuja Lodwar, kliniki ya watoto.

Kakuma niliacha rafiki. Mama Achol, mama wa South Sudan, alikuwa anauza chai na mandazi pale kambi ya wakimbizi. Mrefu, mpole, haongei sana. Kila Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nakaa kwa benchi yake tunapiga stori.

Chini ya ile benchi kulikuwa na karai, na ndani ya karai kulikuwa na kobe wa maji, ukubwa wa kisahani cha kikombe. Jina lake Deng. Kwa Kidinka hiyo ni mvua. Mume wake, Majok, alimwokota pembeni mwa laga la Tarach, mto wa msimu, siku mafuriko yalipopungua.

Siku moja nikamtania. Nikamuuliza mnyama asiyeliwa, asiyelinda nyumba, asiyetaga mayai ya kuuza, anamlisha wa nini?

Akanijibu bila haraka. "Sista, angalia nyumba yangu. Sufuria tulipewa. Neti tulipewa. Hata hema tulipewa, na kadi ya mgao. Deng peke yake alikuja mwenyewe. Hii ndio kitu ya kwanza ya nyumba yetu."

Sikumtania tena.

Basi Majok akatangulia kurudi kwao, upande wa Bor, aone kama pana pa kujenga. Baadaye akamwita mke wake aende kuangalia pia. Ikatokea niko Kakuma kikazi wiki hiyo. Mama Achol akanikabidhi karai na kila kilichokuwa ndani.

"Majok amesema tukihama kabisa, Deng arudi kwa mto yake kwanza. Nataka mimi nimpeleke na mkono yangu. Nikalie na yeye, sista, mpaka mvua ya mwaka kesho."

Nikasema hilo tu? Ondoa shaka.

(Najua kuna watakaouliza kibali cha wanyamapori. Swali zuri. Kobe wa porini si wa kuokota na kuweka nyumbani, sheria inataka kibali. Wakati huo hilo halikunipitia hata akilini. Uzi huu si wa kumtuma mtu akawinde kobe lagani. Ni wa yule ambaye tayari anaye na hajui amfanyeje.)

Sasa Lodwar. Nilikuwa nimepanga kwa mama mmoja Mturkana, Mama Ekai, mwenye ploti. Kwa Waturkana, mgeni akifika hupewa kivuli kabla ya kitu kingine chochote. Maji na maswali baadaye. Niliposhuka na karai langu, Mama Ekai akachungulia, akamsalimia Deng kwa heshima zote, "Ejok", kisha akanigeukia.

"Daktari, hii mgeni amechomwa na jua ya barabara. Weka yeye ndani."

(Hapa nesi ni daktari, nilishaacha kusahihisha.)

Nikamweka ndani, kwenye kona ya sakafu ya simiti, pazia limefungwa. Mama Ekai akaleta gunia lililoloweshwa tukafunika nusu ya karai. Kwa kweli nilifurahi. Mimi mwenyewe jua la huku nalikimbia kama deni, nikaona Deng amepata chumba cha kifahari.

Chakula nacho, wee. Nilikuwa nanunua samaki kwa akina mama wanaotoka Kalokol, kule ziwani, natoa mfupa mmoja mmoja, nampa minofu mitupu, laini, kama ya mtoto anayeanza kula. Hakuna kobe Turkana nzima aliyedekezwa hivyo.

Na alikuwa burudani jamani. Huyu kobe wa maji wa kwetu harudishi kichwa moja kwa moja ndani kama kobe wa nchi kavu. Anakunja shingo kwa upande, anaficha uso chini ya ukingo wa gamba kama mtu mwenye haya. Chini ya kidevu ana vindevu viwili. Ukimshtua anatoa harufu ambayo sitaieleza kwa sababu kuna watu wanakula.

Kitu kingine nilichokigundua, ukimwekea samaki sakafuni anamtazama tu. Mtie majini, anameza. Bila maji chakula hakishuki. Lakini hewa anavuta kwa pua kama sisi, kwa hivyo maji yasiwe marefu akashindwa kufika juu, na awe na jiwe la kupanda apumzike. Mimi jiwe sikumwekea. Niliona litamkwaruza.

Mama Achol alikuwa akipata network anapiga. Hakuna salamu ndefu. "Deng iko?"

"Iko."

"Kweis." Ndiyo sawa kwa Kiarabu cha Juba. Halafu tunaendelea na mengine.

Miezi ikaenda. Nikaanza kuona Deng anaacha chakula. Miguu ya nyuma ikawa inaburura, akitembea tumbo linagusa chini. Nikasema labda ni uzee, ingawa sikujua hata ana umri gani.

Halafu asubuhi moja namtoa nibadilishe maji, nimemshika ubavuni, na kidole gumba kikazama.

Wakuu, gamba lilibonyea. Ukingo mzima ulikuwa unaingia ndani na kurudi, kama kifuniko cha mkebe wa majarini. Nilimrudisha majini taratibu. Kitu cha kwanza cha nyumba ya watu kilikuwa kinanifia mkononi.

Wiki hiyohiyo simu ikalia. "Deng iko?"

"Iko."

"Sista, mbona sauti yako imekuwa ndogo?"

Nikasema ni network.

Sasa sikieni jibu lilikotoka. Kliniki akaja mama mmoja, mke wa mfanyabiashara, mtu wa kutoka Meru, mgeni hapa kama mimi. Mtoto wake amechelewa kusimama, miguu imeanza kupinda. Nikamuuliza maswali ya kawaida.

"Mtoto anatoka nje saa ngapi?"

"Hatoki, sista. Hili jua la huku si litamuua?"

Nikaanza ile hotuba yangu ninayoitoa kila siku. Kwamba mfupa unajengwa na kalsiamu, lakini mwili hauwezi kuitumia vizuri bila vitamini D, na hiyo ngozi huitengeneza ikipata jua. Kwamba jua la asubuhi ni dawa. Kwamba Wakenya wengi wa kutoka bara tukifika huku tunalikimbia jua mpaka tunawanyima watoto...

Nikanyamaza hapohapo. Yule mama akaniangalia. Nikamaliza kumhudumia vizuri, nikampa tarehe ya kurudi, lakini akili yangu ilikuwa imeshafika nyumbani kwenye ile kona yenye gunia.

Kwa sababu gamba la kobe, wakuu, si nyumba aliyoivaa. Usidhani anaweza kutoka akaliacha. Ni mbavu zake na uti wake wa mgongo vimepanuka vikaungana, juu vimefunikwa na kitu kama kucha. Ni mfupa. Gamba likilainika, mifupa yote imelainika.

Na mimi nilikuwa nimemtolea mifupa yote kwenye samaki, halafu nikamfungia pazia. Katika mji wenye jua kuliko yote ninayoijua, nilikuwa namlea kobe asiye na jua. Nilicheka na nikataka kulia.

Mchana nikakimbilia nyumbani, nikabeba karai mpaka katikati ya uwanja, nikasimama kando nimeridhika.

Mama Ekai akatoka. Akanitazama, akatazama karai, akatumbukiza mkono majini.

"Daktari. Unapika yeye?"

Maji yalikuwa yameshaanza kuwa moto. Karai la bati, jua la saa saba Lodwar, hebu fikirieni. Kobe hatoi jasho, mwili wake unafuata joto la pale alipo, na pasipo na kivuli cha kukimbilia anaiva akiwa hai. Tukamtoa mbio.

Nikamweleza Mama Ekai habari ya mifupa na jua. Hakukubali upesi. "Mgeni gani anakimbia kivuli?" Lakini alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akafikiria, akasema mbuzi naye akizaliwa hakai ndani siku zote, asubuhi anatolewa, jua likikasirika anarudishwa.

Ndivyo tulivyofanya. Alikuwa na kibanda chake cha kupumzikia nje, cha matawi ya mkoma. Tukaweka karai ukingoni, nusu ndani nusu nje, na jiwe bapa upande wa jua. Asubuhi jua lilimpiga Deng vizuri. Likipanda, kivuli kilikuwa pale na yeye mwenyewe alichagua. Mama Ekai akaridhika kwamba mgeni hajanyimwa haki yake.

Mtu asiniambie wake yuko dirishani anapata mwanga. Kioo kinazuia ile miale inayotakiwa. Awe nje.

Chakula nikabadilisha. Omena, yaani dagaa, mzima na kichwa chake na miiba yake. Uti wa samaki nikausaga nikaupaka kwenye kipande cha maini. Mayai niliyopika, maganda nikasaga pia. Maji nikabadilisha kila yalipochafuka, kwa sababu anakula humo na anajisaidia humo, na maji machafu yanaleta vidonda na macho kuvimba.

Mwanzoni hakuna kilichoonekana. Gamba si ngozi, halirudi kwa wiki. Nilikuwa namshika kila Jumapili tu, maana kila nikimbonyeza nilikuwa naumia mimi.

Kisha asubuhi moja nakunywa chai, naona Deng amepanda jiwe. Amenyoosha miguu ya nyuma, vidole vimetanuka, shingo ndefu, amefunga macho. Mama Ekai akaweka kikombe chini.

"Angalia yeye. Kama mzee amekula mbuzi."

Nilifurahi siku ile nzima. Hata kazini waliniuliza nimepata nini.

Mvua zilipoanza 2013, Mama Achol akaja Lodwar kumchukua. Akakaa kibandani, akapewa kivuli, akapewa maji. Nikamwambia yote kabla hajamgusa Deng. Pazia, minofu, kidole kilichozama, na ile siku niliyosema ni network.

Akamtoa Deng majini, akamshika kwa mikono miwili, akabonyeza ukingo wa gamba pande zote kwa kidole gumba.

Akagonga gamba kwa ukucha, ko ko ko. "Khalas," akasema, yaani yamekwisha. "Hii sasa ni mawe."

Nikapata ruhusa tukaenda Kakuma pamoja. Tarach ilikuwa imefurika na kupungua, imeacha madimbwi ya matope kando. Mama Achol alichuchumaa akaweka Deng pale ukingoni, si majini. Nikataka kumsukuma kidogo, akanizuia mkono.

"Alikuja mwenyewe. Wacha aende mwenyewe."

Deng akakaa. Akatoa kichwa kwa upande, kisha akainuka, tumbo juu kabisa ya ardhi, miguu yote minne imara, akaenda. Akaingia. Pua ikatokea mara moja katikati ya dimbwi, halafu matope tu. Hawa jamaa maji yakikauka hujizika wakangoja mvua nyingine, kwa hivyo sikuwa na wasiwasi na kiangazi.

Mama Achol akamwaga maji ya karai, akalifuta kwa kanga, akanipa. "Hii tulipewa pamoja na kadi. Kaa nayo."

Karai ninalo. Mama Ekai amekataa liondolewe kibandani, analiwekea kuku maji.

(Wenye kobe wa kununuliwa, msikimbilie kumwachilia mtoni mkadhani ni wema. Deng alirudi dimbwi la kwao. Wako akitoka kwingine atapeleka magonjwa au atakufa.)

Nilichojifunza mimi nesi ni kwamba mapenzi yanaweza kumlainisha mtu mifupa. Ukimpenda mnyama, uliza mwili wake umeumbwaje, usiulize wewe ungependa nini ukiwa yeye. Mimi ningependa kivuli na samaki asiye na miiba.

Kwa hivyo mwenye kobe, leo kabla hujala, mshike ubavuni ubonyeze taratibu. Halafu rudi hapa utuambie umekuta nini, laini au jiwe. Wajuzi zaidi yangu pia mnirekebishe, sina kiburi.

Mama Achol sasa yuko Bor na Majok. Bado anapiga akipata network, na bado hana salamu ndefu.

"Deng iko?"

Sijamwona tangu siku ile. Lakini lile gamba nililigusa kwa mkono wangu, kwa hivyo najibu bila sauti kuwa ndogo.

"Iko."