Kiraka na Dumu la Maji

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtaa wetu wa Kinyinya ulikuwa kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja, na mimi nilikuwa mtaroni, jembe mkono mmoja, simu mkono wa pili. Nilikuwa nimetuma kiraka, yaani kipande cha msimbo cha kuziba kosa, kwenye programu ya hifadhidata ambayo mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuirekebisha. Kosa lilikuwa kwamba ikiunganisha majedwali, wakati mwingine inarudia rekodi ileile. Mkaguzi wa programu hiyo, nisiyemjua, alinijibu kwa ufupi: jaribio la kuthibitisha kwamba kiraka kinafanya kazi liko wapi?

Nilichemka. Nafanya kazi ya bure, halafu nahojiwa kama mwizi! Kila nikichimba kidogo natazama simu, labda kuna aliyenitetea.

Jirani yangu, mzee aliyekulia Bukoba, akatangaza kwamba kipande chake cha mtaro kimekwisha.

"Mzee, hebu tumwage dumu moja la maji tuone kama yanapita," nikamwambia.

"Unanikagua? Kwani hapa nani analipwa?"

"Mvua haitauliza hilo."

Tukamwaga. Maji yalisimama, kisha yakarudi taratibu kuelekea mlangoni kwake. Akashika jembe tena, na mimi nikasoma upya swali la mkaguzi kwenye simu.

Kwenye mkutano wa mtaa baada ya kazi nilikaa kama nimekalia moto. Nyumbani sikuvua hata buti. Niliandika jaribio la kiraka changu, nikaliendesha.

Rekodi ileile ikatokea mara mbili.