Mwisho Ambao Selestini Hakuuona

Selestini hakuwa na Kihindi hata cha kuombea maji, lakini kwa miaka kumi na minne watu wa Newala walimlipa awatafsirie filamu za Kihindi. Msimcheke. Nani mwingine angejitolea?

Alianza kuipenda sinema utotoni, lilipokuja gari la serikali na kufunga shuka jeupe kwenye milingoti ya goli. Waliochelewa walikaa nyuma ya shuka, wakaona kila mtu anakula kwa mkono wa kushoto. Alipokua akawa anadandia malori ya korosho kwenda Masasi, kwenye ukumbi wa mzee Tahiri, wenye mabenchi ya mbao na mashine iliyonguruma kuliko wachezaji. Tahiri aliposhindwa kuuendesha akaugeuza duka la misumari na saruji. Ndipo Selestini akajenga banda lake la video Newala: mabati matupu, televisheni moja, deki moja, jenereta, na kipaza sauti alichokishika mwenyewe.

Alitafsiri kwa macho. Akiona mtu analia, alimtafutia msiba. Zilipowekwa filamu za Kizungu, Mzungu akiacha bomba linamwagika, banda zima lilipiga kelele, "Funga maji wewe!" naye Selestini akamjibia Mzungu, "Samahanini jamani, mimi sijawahi kubeba ndoo kichwani." Watu walicheka mpaka mabenchi yakaanguka.

Alasiri moja, mwaka 2012, aliweka filamu ya bibi harusi ambaye mumewe alikwenda ng'ambo kutafuta mali. Zimebaki kama dakika ishirini, jenereta likaishiwa mafuta. Watu wakaanza kudai viingilio vyao. Selestini akasimama mbele ya televisheni iliyozimika, akawamalizia mwenyewe mwisho ambao hakuwahi kuuona, na hajauona mpaka leo.

"Akarudi!" alisema. "Mwaka wa saba, mke amekwisha kata tamaa, mara hodi mlangoni!"

Vigelegele vikapigwa. Aliyelia kuliko wote alikuwa Sophia, mke wa Haji. Haji alikuwa amevuka kwenda Msumbiji mwaka uliotangulia kuchimba rubi, na hakuwa ameleta hata salamu.

Siku hizi kila mtu ana sinema yake mfukoni, na banda limejaa magunia ya korosho za watu. Selestini hukaa barazani kwake kutwa nzima, hana wa kumtafsiria. Hapo ndipo Sophia alipomfuata wiki iliyopita.

"Shikamoo, Baba Oliva."

"Marahaba, mwanangu. Habari za siku?"

Hazikuwa nzuri. Shehe alishamwambia zamani kwamba yuko huru kuolewa. Ashiru, fundi mwashi wa Mnyambe, mtu mpole aliyefiwa na mke, alimposa mara tatu, naye akamkatalia mara tatu. Mwezi uliopita Ashiru alioa kwingine.

"Wananiona mwehu," Sophia alisema. "Lakini nilikusikia kwa masikio yangu, yule mume wa kwenye filamu alirudi. Nilidhani ulisema mwaka wa saba, na wa saba ulipita. Haji ana mwaka wa kumi na tatu huu. Nikasema labda sikusikia vizuri. Ulisema wa saba, Baba, au wa kumi na saba?"

Selestini alitaka kumwambia: mwanangu, hakuna mwaka wowote, niliutunga nisirudishe viingilio. Lakini Sophia alikuwa amemkodolea macho, mvi zikimchungulia kwenye ushungi, na Selestini, kwa woga au kwa huruma, mwenyewe hajui, hakuweza.

"Kumi na saba," akasema.

Sophia alihesabu kwa vidole, akacheka. Selestini hakuwa amemwona akicheka tangu enzi za banda, akageuza uso asimtazame.

"Alhamdulillahi! Basi bado minne tu," Sophia alisema, akiinuka. "Ngoja nianze kutafuta mabati, Baba Oliva. Asije akarudi akaikuta nyumba inavuja."