Mtungi wa Bibi Umenifuata Guangzhou

Friji limekufa leo asubuhi, na insulini ya mume wangu imo ndani!

Pesa ya kununua jingine niliituma Tanga wiki iliyopita, mama apasuliwe mtoto wa jicho.

Nikampigia mwenye nyumba. "Mingtian," akasema. Eti kesho! Kwa joto hili?

Ndipo nikamkumbuka bibi. Naye alikuwa na sukari, na umeme kwake haukufika. Dawa yake ilikaa kwenye mtungi wenye mchanga mbichi, na chumba kizima kilinukia udongo uliolowa.

Nikaenda sokoni Sanyuanli, nikanunua vyungu viwili vya maua. Kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, maji, kitambaa kibichi juu. Nikatia insulini ndani, nikauweka mtungi wangu dirishani.

Jamani, ile harufu! Nilikaa chini kabisa.

(Nani mwingine hapa bibi yake alikuwa na mtungi?)

Alasiri mama kapiga video. Leo ndiyo katolewa bendeji. Miezi yote hii alikuwa ananijua kwa sauti tu.

Akasogeza uso kwenye simu.

"We Mwanaidi, si mtungi wa bibi yako huo? Mbona umeuweka juani? Hebu usogeze kivulini!"