Kidole cha Maurice Oddy

Maurice Oddy alizaliwa Rotherham, kaskazini mwa Uingereza, na kukulia kwenye moshi wa viwanda vya chuma. Alipokuwa na miaka kumi na saba, mashine ilimvunja kidole cha pete cha mkono wa kushoto, nacho kikapona kimepinda. Mpiga gitaa mwingine angeuza gitaa lake. Yeye alikuwa mbishi. Akaanzisha kundi la roki, Blackshaw, na jirani yake Graham Tingle.

Wote wawili walikuwa wapiga gitaa wa mbele, wakienda sambamba: Graham sauti ya juu, Maurice ya chini. Ila kwenye wimbo wao mkubwa palikuwa na kipande kimoja ambapo kile kidole kilichelewa kila mara.

"Umelala tena, wewe!" Graham alimfokea.

"Nani kalala? Wewe ndiye una haraka, kama mtu anayekimbilia choo."

Walibishana hivyo miaka sita, katika klabu za wafanyakazi ambako katibu wa klabu alikatisha wimbo katikati ili watu wacheze bingo, ule mchezo wa kubahatisha namba.

Mwaka 1977 wakapata nafasi ya kurekodi. Prodyuza wa London alisikiliza mara mbili, akasema bila kumtazama Maurice, "Huyu wa chini anachelewa. Graham atapiga sauti zote mbili, tutaziunganisha."

Graham aliinamia viatu vyake, kimya. Kimya hicho kilimuuma Maurice kuliko ile mashine. Akapanda basi, akarudi kiwandani, na mwaka mzima hakumsalimu mama yake Graham, mwenye duka mtaani kwao.

Siku redio ilipopiga wimbo ule, alikuwa kantini, kikombe cha chai mkononi.

"Si wenzako hao, Maurice?" mfanyakazi mmoja akamuuliza.

"Walikuwa."

Akasikiliza akitafuta kosa, maana donda lilikuwa bado bichi. Sauti ya juu ilikuwa safi. Ya chini safi. Kikafika kile kipande, na ya chini ikachelewa, kidogo tu, palepale pake. Graham, mwenye vidole kumi vizima, alikuwa ameichelewesha kwa makusudi.

Maurice alilia mbele ya watu, wala hakujali. Jioni akaingia dukani.

"Bi Tingle, Graham akipiga simu, mpe salamu zangu."

"Nimwambieje, mwanangu?"

"Mwambie amelala tena."