Mtega Panya Anayeomba Dawa ya Viroboto

Jumatano ya tarehe kumi na nne, saa mbili asubuhi, meneja wa ghala la mahindi aliamuru sumu ya panya itandazwe bila kungoja dawa ya viroboto. Wiki tatu hazikuisha, mke wa mtega panya wa ghala hilo akawa kaburini.

Leo, miezi minane baadaye, mzee huyo amechuchumaa kwenye sakafu ile ile, glavu za mpira mikononi, panya watatu waliokufa mbele yake. Anashika mkia wa kwanza, anaulaza mgongoni hadi kichwani. Ncha inapita pua.

"Huyu wa darini," anasema. "Mkia mrefu kuliko mwili, masikio makubwa. Anapanda ukuta kama fundi umeme."

Wa pili ni mnene, pua butu, mkia unaishia shingoni. Wa mifereji. Wa tatu ni mdogo, manyoya laini. Anampindua, anahesabu chuchu kwa kijiti. Anafika kumi na nane.

"Wa shambani huyu. Wa darini hafikishi hizo. Akiingia humu, ujue kaja na wageni kwenye manyoya."

Wenzake wanamwita Bwana Mkia. Shule aliachia darasa la nne. Panya amewajua kwa kuwashika, miaka ishirini na sita. Fomu ya ofisi, lakini, ina nafasi moja tu: idadi. Wakaao kwenye viti vya kuzunguka hawajali ni panya gani.

"Nilimwambia meneja, bosi, wa shamba wameingia. Nyunyiza dawa ya viroboto kwanza, ndipo uweke sumu. Panya akishapoa, kiroboto anamhamia mtu. Akaniuliza, 'Bwana Mkia, umekuwa daktari lini?' Watu wakacheka." Anaweka kijiti chini. "Na mimi nikacheka."

Mkewe alikuwa mfagiaji humo humo. Alizoa mizoga kwa ndoo, miguuni kandambili. Siku chache baadaye homa ikapanda, mtoki ukamvimba kinenani.

"Nikamchungulia, akanitania: 'Baba watoto, usinikodolee macho, mimi si panya wako.' Siku ya nne hakuamka."

Cheti kikaandikwa homa, basi; tauni haikutajwa. Panya wawili aliowahifadhi kwenye chupa ya spiriti aliwapeleka ofisi ya afya. Akaambiwa aiache chupa mezani. Majibu hakuna mpaka leo. Meneja yeye aliongezewa ghala la pili. Ndivyo wakubwa wanavyoadhibiana.

Sasa tangazo limebandikwa mlangoni: sumu tena, Jumatatu. Wafagiaji ni watano, na mmoja ni binti yake, aliyechukua nafasi ya mama.

"Nimemwambia aache. Kasema, 'Baba, nikiacha tutakula mikia?' Nitamjibu nini?"

Hataki fidia, anasema. Anataka unga wa dawa unyunyizwe siku tatu kabla ya sumu, na wafagiaji wapewe mabuti. Sumu ikitangulia, amepanga kukaa mwenyewe mlangoni Jumatatu, asiingie mtu na ufagio. Wamfukuze wakitaka.

Meneja anatokea, funguo za gari mkononi. Bwana Mkia anasimama, anavua kofia. Jana aliuliza, juzi aliuliza.

"Shikamoo, bosi. Leo Alhamisi. Dawa ya viroboto italetwa lini?"

Meneja anaingia garini, anapandisha kioo. Mzee anainama, anagonga kioo kwa kidole kimoja, taratibu.

"Bosi, italetwa lini?"